Angalia zizi mbele ya bidoni

Wandugu, hapa Nyalukemba maziwa mabichi yanatufikia mu bidoni ya njano, kutoka Kabare ao Walungu. Nilisoma agronomia, lakini kwetu tulikuwa tunachagua muuzaji kwa bei tu. Kisha dada yangu mdogo akapata homa ya kwenda na kurudi. Alitibiwa malaria mara mbili. Kumbe ilikuwa brusela, ugonjwa wa ng'ombe.

Kipimo cha uzito kinaonyesha kama waliongeza maji: lita moja ya maziwa safi ina karibu gramu 1028 mpaka 1033. Ugonjwa hakiuonyeshi. Basi panda mpaka kwa mfugaji, umuulize mambo matatu:

1. Veterineri alipima brusela na kifua kikuu lini?
2. Kuna ng'ombe aliyetoa mimba? Hiyo ni alama kubwa ya brusela.
3. Ng'ombe akiwa kwenye dawa, maziwa yake yanaenda wapi?

Mwenye kukataa uingie zizini, umuache.

Na hata ukipata mfugaji mwema, chemsha mpaka yapande. Ng'ombe mwenye brusela anaweza kuonekana mzima kabisa, na mwenyewe asijue.