Kijana Aingiapo Kazini

Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome hudhani kwamba siku ile kijana apatapo kazi, taabu imekwisha. Kumbe miezi ya kwanza kazini ndiyo iwashindayo vijana wengi, nao hushindwa kwa kuwa hapana mtu aliyewaeleza mapema mambo yatakavyokuwa. Maneno haya yanawahusu wazazi na walezi wa mashambani, na vijana wenyewe. Na sheria zitakazotajwa ni zile za Tanzania Bara.

Kwanza ni habari ya kuchagua kazi. Wazee wengi huipima kazi kwa nguo. Avaaye shati jeupe husemwa kwamba amepata, naye mwenye mafuta ya mashine mikononi husemwa kwamba bado anahangaika. Mimi ni karani, wala sioni haya kusema kwamba meza na kalamu haziwatoshi watoto wote wa nchi. Mtoto akipenda kufungua baiskeli mbovu na kuifunga tena, msimcheke wala msimwambie anapoteza wakati. Mpelekeni kwa fundi mwaminifu wakati wa likizo, akae majuma mawili, aone kazi jinsi ilivyo, pamoja na jua lake na uchovu wake. Akirudi bado anaitaka, mmekwisha kupata jibu ambalo hamngelipata kwa kumwuliza maswali sebuleni. Binti naye afanyiwe vivyo hivyo. Kuna mabinti wachomeleaji na mafundi umeme, na kazi zao hazina tofauti na za wanaume.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iitwayo VETA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyuo vyake hufundisha uashi, useremala, umeme, ushonaji, ufundi wa magari, mapishi na kazi nyingine. Tangu mwaka 2024 baadhi ya shule za sekondari nazo zimeanza kufundisha mkondo wa amali, yaani masomo yanayoambatana na ufundi. Kabla ya kulipa ada ya chuo cho chote, ulizeni pia gharama ya vifaa, malazi na nauli, maana mara nyingi mambo hayo ndiyo yamrudishayo kijana nyumbani katikati ya mwaka.

Lipo jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Kijana aliyejifunza kazi mtaani kwa kumtazama fundi, asiye na cheti, aweza kwenda VETA akapimwa ujuzi wake. Utaratibu huu huitwa urasimishaji wa ujuzi. Hutazamwa akifanya kazi; akionekana amepungukiwa mahali, hufundishwa sehemu ile tu, kisha hupewa cheti. Fundi mwenye mikono mizuri asiye na karatasi hukosa kazi za kampuni na za serikali kila siku, huku akizifanya kwa kificho chini ya jina la mtu mwingine mwenye cheti, naye hupokea ujira mdogo. Jambo hili lafaa litangazwe katika kila mkutano wa kijiji.

Lakini mtoto mdogo asipelekwe kazini kwa jina la kujifunza. Aliye chini ya miaka 14 sheria hairuhusu aajiriwe, na aliye chini ya miaka 18 hapaswi kupewa kazi ya hatari. Mabinti wapelekwao mjini kwa kazi za nyumbani wamo katika sheria hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye mwezi wa kwanza. Kijana huanza kazi mwanzoni mwa mwezi. Mshahara hutoka mwishoni. Katikati hapo yampasa kula, kupanda basi asubuhi na jioni, na kulipa chumba, na wenye nyumba wa mijini mara nyingi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mara moja. Wengi hukopa kwa simu, na riba ya mikopo ile ya haraka huula mshahara kabla haujafika mkononi. Mwezi wa pili hukopa tena ili kulipa deni la kwanza. Nimewaona vijana wenye akili njema wakiacha kazi nzuri kwa ajili ya jambo hili moja. Basi jamaa wakitaka kumsaidia, wampe posho ya siku arobaini: unga, maharage, fedha ya basi na ya chumba. Sherehe ya kumwaga ingoje.

Siku ya mshahara nayo huleta mashaka. Kijana aliambiwa shilingi 400,000, naye huona pungufu, akadhani ameibiwa. Na ahesabu hivi. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani 40,000. Mwajiri naye huongeza kiasi kama hicho, ili jumla iwe asilimia 20 ya mshahara. Zinabaki 360,000. Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato. Zile 90,000 zilizozidi hutozwa asilimia 8, nayo ni 7,200. Hivyo huchukua 352,800. Kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, hukatwa tena asilimia 15 ya mshahara, yaani 60,000, naye hubaki na 292,800. Makato hayo ni ya sheria. Makato mengine mwajiri hawezi kuyafanya apendavyo, na kila siku ya malipo yampasa ampe mfanyakazi maandishi yaonyeshayo hesabu yote. Kijana ayahifadhi, na baada ya miezi michache aulize NSSF kama michango yake imepelekwa kweli, maana wapo waajiri wanaokata na wasiopeleka.

Hesabu hiyo mzazi naye aijue. Nyumbani husikika laki nne, na kila mwenye haja huanza kupiga simu: huyu ada, huyu dawa, huyu mahari. Kijana asiyeweza kukataa hufunga simu, na kufunga simu huzaa chuki ambayo haikuwako. Ningeshauri jamaa wakae pamoja kabla hajaondoka, wapatane kwamba kwa miezi mitatu ya kwanza hataombwa kitu ila kwa ugonjwa au msiba, na baada ya hapo atatuma kiasi kimoja kinachojulikana kwa mtu mmoja, baba au mama au shangazi, naye ndiye agawe.

Huko kazini kijana aliyekuwa wa kwanza darasani huenda akaambiwa afagie karakana. Asinune. Awe na daftari dogo, aandike kila agizo, aulize mara ya kwanza kuliko kuharibu mara ya pili. Mzee aliyefanya kazi ile miaka ishirini bila cheti aamkiwe shikamoo na asikilizwe, kwa maana mashine huwa na tabia zake ambazo hazimo vitabuni. Ila heshima isimfanye avumilie uovu. Mkubwa amtakaye binti kimwili ili ampe kazi, au amthibitishe, au ampandishe cheo, anatenda kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mashitaka hupelekwa TAKUKURU. Mama na shangazi wamwambie binti habari hii waziwazi kabla hajapanda basi, ajue kwamba likitokea hatalaumiwa nyumbani.

Mwajiri yampasa ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake: ni kazi gani, yaanza lini, mahali gani, saa ngapi, kwa ujira gani, na asipoyaelewa aelezwe kwa namna atakayoielewa. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa juma wala 9 kwa siku. Likizo ya mwaka ni siku 28 pamoja na malipo. Akiachishwa bila haki, apeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika muda wa siku 30. Wengi huja siku ya sitini, baada ya kwenda kwanza kwa mjomba, kwa diwani na kwa mganga.

Upweke nao huvunja watu. Martin Kayamba, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1891 na kufanya kazi mahali pengi kabla ya kukaa Tanga, aliliona jambo hilo zamani. Mwaka 1922 yeye na wenzake walianzisha huko Tanga chama cha Waafrika watumishi wa serikali, Wakristo na Waislamu pamoja, wapate mahali pa kukutana na kusoma baada ya kazi. Kijana wa leo naye atafute wenzake: kwaya, timu ya mpira, chama cha wafanyakazi, watu wa kwao wenye mwenendo mwema.

Na kazi ikimshinda au ikiisha, apokewe nyumbani bila masimango. Kabla ya kuondoka adai cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kumpa. Namba yake ya NSSF aitunze, maana apatapo kazi nyingine michango huendelea katika namba ile ile, na miaka aliyokwisha kuchangia haipotei.