Gari Kuukuu la Spoti: Breki Kwanza, Nguvu Baadaye

Katika mbio za Safari za Afrika Mashariki za mwaka 1973, madereva wawili walifika mwisho wa safari wakiwa na pointi za adhabu zilizo sawasawa. Mmoja alikuwa Harry Källström wa Sweden. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa Uganda. Waamuzi walilazimika kutazama ni nani kati yao aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila ya kupata adhabu yoyote, na kwa kipimo hicho ushindi ukamwendea Mehta. Gari aliloliendesha lilikuwa Datsun 240Z. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani 1971, gari la aina hiyo hiyo likiwa mikononi mwa Edgar Herrmann lilishika nafasi ya kwanza, na Mehta mwenyewe, akiendesha jingine, akashika ya pili.

Mbio hizo zilikuwa zimeanzishwa mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari mengi yaliyojulikana humo yalikuwa ya kawaida, yenye milango minne na paa pana. Hili la Datsun lilikuwa na sura nyingine: boneti ndefu, viti viwili tu, na mgongo unaoteremka kama wa samaki. Lilianza kuuzwa mwaka 1969. Huko Japani liliitwa Fairlady, jina ambalo Yutaka Katayama, mkuu wa kampuni hiyo kule Marekani, hakulipenda hata kidogo kwa gari la kiume namna hiyo; akayang'oa mabamba yale na kubandika nambari 240Z, na nambari ndiyo iliyobaki. Chini ya boneti mna silinda sita zilizojipanga msitari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, nguvu za farasi 150 hivi, na kabureta mbili. Gari zima lina uzito wa kilo elfu moja na kidogo. Mwendo wake wa juu kabisa hukaribia kilometa 200 kwa saa.

Leo magari hayo yamepita umri wa miaka hamsini, na bado yanashindana. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na ng'ambo wapo wenye 240Z wanaozipeleka kila mwezi katika viwanja vya mizunguko. Na hapa petu, katika kambi na vituo vya polisi, hawakosekani maofisa na askari wenye mapenzi ya magari kuukuu, wawe na Datsun, Ford Escort au Alfa Romeo iliyorithiwa kwa mjomba. Kila ninapokutana nao, swali la kwanza ni lile lile: nitaiongezaje nguvu? Mimi nami huwaeleza habari ya kichuguu.

Sajini mmoja mstaafu wa karakana, ambaye kwangu ni kama mzazi, anayo 240Z ya mwaka 1972. Siku moja tulipata ruhusa ya kuutumia uwanja wa ndege wa zamani uliokwisha kufungwa, tukapanga mapipa matupu kuwa kona, naye akanipa usukani. Mizunguko mitatu ya kwanza ilikwenda kwa raha isiyoelezeka. Katika wa nne, nikiwa kwenye mwendo wa kilometa 130 hivi, nilikanyaga breki mwisho wa ile njia iliyonyooka, na pedali ikazama hadi sakafuni kama mguu uliotumbukia matopeni. Nikaipampu mara tatu, nikarudisha gia ya tatu, kisha ya pili, nikaliangusha pipa moja, nikaingia majanini. Gari lilisimama hatua ishirini hivi kutoka kwenye kichuguu kirefu kuliko mimi.

Yule mzee alifika akihema.

"Afande, umeumia?"

"Sijaumia, Mzee. Breki zimekufa."

"Hazikufa," alijibu, huku akiinama kulitazama gurudumu la mbele lililokuwa likinuka kuungua. "Zimechemka. Na kosa ni langu. Niliiamini karatasi ya gereji."

Karatasi hiyo ilisema kwamba mafuta ya breki yamebadilishwa. Tulipofungua nati ya kutolea hewa, yalitoka mafuta yenye rangi ya chai iliyolala.

Askari wengi hujua kwamba mafuta ya breki yakipungua ni hatari. Wachache hujua kwamba hata yakiwa yamejaa yanaweza kuwa yamechakaa. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka upesi. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayaruhusiwi kuchemka kabla ya kufika nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishalowa, kiwango chake hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa hugeuka mvuke, na mvuke, tofauti na maji au mafuta, hukubali kubonyezwa. Mguu wako unaubonyeza mvuke, na zile pedi hazipati kitu. Barabarani, mtu akanyagapo breki mara moja kila baada ya dakika kadhaa, ugonjwa huo waweza kujificha miaka mitano. Uwanjani hujitokeza katika dakika ya nane.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kwa kila mwenye gari kuukuu anayetaka kuliendesha mbio ni kuyatoa mafuta yote ya breki na kutia mapya ya DOT 4, mbele ya macho yake mwenyewe, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka yatoke meupe bila povu. Kazi ya pili ni kuzitazama hosi za mpira: zile za zamani huvimba kwa ndani ilhali kwa nje zaonekana nzima. Baada ya hapo ndipo aweza kufikiria kuongeza.

Na katika kuongeza, 240Z ina bahati moja itakayowafurahisha madereva wetu. Gari hilo lina diski mbele na dramu nyuma, na kalipa zake za asili zina pistoni mbili. Mafundi wa Marekani waligundua zamani kwamba kalipa za pikapu ya Toyota ya magurudumu manne, zile za mwaka 1979 hadi 1985 zenye pistoni nne, hufunga pale pale zilipokuwa za zamani, juu ya diski ile ile. Naam, pikapu ile ile tuijuayo sote kwa kubebea watu na magunia! Ila usikimbilie sokoni kabla ya kupima kama rimu yako haitaigusa kalipa, na ujue kuwa pistoni nyingi hudai mafuta mengi, hata pedali ikaanza kushuka chini zaidi. Ndiyo maana wengi hubadilisha pia silinda kuu ya breki na kuweka iliyo pana kidogo kuliko ile ya asili.

Adui wa pili ni kutu. Bodi ya 240Z ndiyo chesisi yake. Hakuna fremu nyingine chini. Kutu ikishakula pale chini ya betri, kwenye sakafu, kwenye vizingiti vya milango na pembezoni mwa mlango wa nyuma, unalo gari zuri la picha tu. Chukua bisibisi, ingia chini, uchokonoe bila huruma. Rangi mpya iliyopakwa vizuri isikudanganye, maana kuna wauzaji wanaoziba matundu kwa gundi na karatasi kisha wakapiga rangi juu.

Huko nyuma pia ndiko iliko ile pini. Kila gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono wa chuma, na katika mkono huo hupita pini moja ndefu yenye bushi za mpira kila upande. Baada ya miaka mingi pini huungana na chuma kama waliochanja damu. Mzee wangu alikaa siku mbili na nyundo, moto na mafuta ya kulainishia, na mwishowe aliikata. Aliyeagiza bushi mpya bila ya kuagiza pini mpya ameagiza nusu ya kazi. Ukiwa bado chini, shika propela shafti na shafti za pembeni uzitikise: krosi zilizolegea hugonga, na raba inayoishikilia difu ikikatika utasikia kishindo kila unapoachia klachi.

Umeme nao una kasoro tokea kiwandani. Mkondo wote wa taa za mbele hupita katika swichi ya usukani na kisanduku cha fyuzi, bila rilei ya kuupunguzia mzigo. Fyuzi hupata moto, plastiki yake huyeyuka, na taa huzimika usiku, wakati ambapo hakuna azitakaye kuzimika. Rilei mbili na waya mzito kutoka kwenye betri huumaliza ugonjwa huo kwa bei ya chakula cha mchana.

Injini yenyewe ni ngumu, na kwa kweli haihitaji maneno mengi. Valvu hupimwa: injini ikiwa moto, milimita 0.25 kwa zile za kuingizia na 0.30 kwa zile za kutolea. Moto wa plagi hufuata mpango wa 1-5-3-6-2-4. Atakayezipachanganya nyaya atajua mara moja. Kabureta ni za Hitachi zilizoundwa kwa mfano wa SU za Uingereza, na kila moja ina kikombe juu kinachotaka oili nyepesi kidogo. Kikikauka, gari husitasita kila unapokanyaga. Kuzilinganisha hakuhitaji mashine: shika kipande cha hosi, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, usikilize mpaka mvumo wa zote mbili uwe mmoja. Rejeta ioshwe. Wapo wanaotia kabureta tatu za Weber, na wapo wanaoweka injini kubwa ya 280Z yenye ujazo wa 2,753. Sina ugomvi nao, mradi breki zimetangulia. Wale wanaokata mufla ili gari lipige kelele, hao sina la kuwaambia; ndugu zetu wa trafiki wanalo.

Sasa kuhusu tairi. Ubavuni mwake mna tarakimu nne zinazoeleza siku ya kuzaliwa: 1219, kwa mfano, ni juma la 12 la mwaka 2019. Tairi lililokaa stoo miaka kumi lina kashata nzuri na mpira uliokufa, na katika kona ya kasi halishiki kitu.

Uendeshaji wa uwanjani ni jambo jingine kabisa na ule wa barabarani, na tuseme wazi kwamba barabara ya Masaka si uwanja. Tafuta mahali palipofungwa, vaa helmeti, funga mkanda ulio mpya, weka kizimamoto mahali mkono unapofika. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha moto oili na tairi, na kuyatazama mapipa yalipo.

Kanuni kubwa ni kwamba breki hufanya kazi yake wakati gari limenyooka. Kanyaga kwa nguvu mapema, punguza gia, legeza mguu taratibu, kisha ndipo ukate kona, ukitoka upande wa nje, ukigusa ukingo wa ndani, na kuliachia gari lipanuke tena huku ukiongeza mafuta kadiri usukani unavyonyooka. Nne kwa tano ya madereva wetu wa kijeshi, niseme kwa makadirio yangu, huingia na mwendo mkubwa mno kisha hushtuka na kuachia mafuta katikati ya kona. Katika lori zito wataponea chupuchupu. Katika 240Z, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma na yenye milimita 2,305 tu kati ya ekseli na ekseli, kuachia mafuta ghafla huurusha uzito wote mbele. Tairi za nyuma hubaki nyepesi, na mkia hutangulia. Likitokea, tazama unakotaka kwenda, geuza usukani kuelekea huko, na uuache mguu wa breki mahali pake.

Kuna tabia nyingine ya gari hili inayomngoja mtu kwenye mwendo wa juu. Pua yake huinuka kwa upepo unaoingia chini, na usukani huwa mwepesi mkononi. Timu ya Peter Brock, ambayo dereva wake John Morton alishinda ubingwa wa Marekani wa daraja lake mwaka 1970 na 1971, ilifunga bamba la kukinga upepo chini ya bampa la mbele. Umbo hilo limeigwa hadi leo, na si pambo.

Baada ya mizunguko mitatu ya kasi, endesha mmoja polepole bila kugusa breki, ili upepo uzipoze. Ukisimama, usivute breki ya mkono: shuu zilizo moto zaweza kung'ang'ania dramu. Tia gia, weka gogo nyuma ya gurudumu, fungua boneti. Yule mzee huzunguka na spana akikaza nati za magurudumu, moja moja, kisha hukagua mafuta ya breki kwa tochi hata kukiwa na jua. Siku hizi ameyaandika kwa chokaa, juu ya ukuta wa banda lake, tarehe ya kubadilishwa kwake, na hamruhusu mtu mwingine kuifuta.