Miezi ya kwanza ya muuguzi katika hospitali kubwa

Majuzi mama mmoja alikuja katika kliniki yangu kupimwa presha, kama afanyavyo kila mwezi. Presha hiyo, ambayo kwa mwaka mzima ilikuwa imetulia, ilikuwa imepanda. Nilimwuliza kama ameacha kumeza dawa, akasema la, anazimeza. Kilichomkosesha usingizi ni binti yake, kifungua mimba, aliyehitimu uuguzi na kuajiriwa wiki tatu zilizopita katika hospitali moja kubwa ya kufundishia. “Daktari, mtoto anarudi nyumbani akilia,” akaniambia. “Anasema hajui kitu. Na karo yote ile niliyolipa, itakuwaje hajui kitu?”

Nimeamua kulijibu swali hilo katika ukurasa huu kwa sababu najua si mama huyo pekee anayeliuliza. Huenda wewe msomaji una mwana, mke au dada aliye katika hali iyo hiyo. Huenda pia ni wewe mwenyewe, na unasoma haya ndani ya matatu ukienda zamu.

Kwanza ningependa ifahamike kwamba binti huyo anajua mengi. Humu nchini mtu hasajiliwi kuwa muuguzi kwa kuketi darasani tu. Husomea stashahada au shahada kwa miaka kadhaa, huhudumu wadini akiwa mwanafunzi, kisha hutahiniwa na Baraza la Wauguzi la Kenya ndipo apewe leseni. Tatizo lake halitokani na upungufu wa elimu. Alipokuwa mwanafunzi, kila alilotenda lilikuwa na mtu mwingine wa kulijibia. Sasa sahihi iliyo kwenye chati ni yake.

Isitoshe, hospitali ya kufundishia si kama zahanati ya mtaani. Chukua mfano wa Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambayo ilianza mwaka wa 1901 ikiwa na vitanda 40. Leo ni hospitali kubwa ya rufaa, na wagonjwa wengi hufika huko baada ya kushindikana kwingine. Muuguzi anayeanzia kazi mahali kama hapo hukutana na maradhi mazito katika wiki ya kwanza. Aidha, kitanda kimoja huzungukwa na watu wengi: daktari bingwa, daktari anayesomea ubingwa, daktari mwanagenzi, wanafunzi wa udaktari, na wanafunzi wa uuguzi ambao tayari wanamwita mwalimu ilhali yeye mwenyewe anatafuta mahali bandeji zinapowekwa. Kila mmoja ana lake la kuagiza. Wanagenzi nao huhamishwa kila baada ya miezi kadhaa, kwa hivyo mara nyingi yule anayeandika dawa saa nane za usiku ni mgeni kama yeye.

Machozi ya binti huyu hayakuanza Kenya. Mwaka wa 1974 Marlene Kramer, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alichapisha kitabu kizima kuhusu wauguzi wapya wanaoacha kazi kwa kushtushwa na tofauti iliyopo kati ya yale waliyofunzwa na yale wanayoyakuta. Miaka kumi baadaye, 1984, mwenzake Patricia Benner alieleza kwamba muuguzi huhitaji miaka miwili au mitatu katika kazi ya aina moja kabla ya kuimudu barabara. Miaka, si wiki tatu! Nilipomwambia mama yule hivyo, alishusha pumzi.

Lakini kuna hatari moja ambayo haingojei miaka miwili ipite, nayo ni kuogopa kuuliza. Hapa nitatoa kisa changu mwenyewe, ingawa hakinipi sifa.

Nilikuwa mwanagenzi katika wadi ya watoto ya hospitali ambayo sitaitaja. Ilikuwa usiku, na nilikuwa sijalala tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Nilimwandikia mtoto mmoja aliyeungua dawa ya mofini ya kutuliza maumivu, nikaenda kumwona mgonjwa mwingine. Muda si muda muuguzi akanifuata na chati mkononi. Alikuwa mpya, pengine hajamaliza mwezi. Akasema kwa sauti ndogo, “Daktari, mtoto huyu ana kilo kumi. Umeandika miligramu kumi.” Nilikasirika. Nilimwambia afanye alivyoagizwa. Hakuondoka. Alinyosha ile chati mbele yangu na kuurudia uzito wa mtoto. Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka: kipimo kilichofaa kilikuwa miligramu moja. Nilikuwa nimezidisha mara kumi, na dawa hiyo ikizidi humfanya mtoto aache kupumua.

Sikumwomba radhi usiku ule. Nilifuta nikaandika upya, nikaenda zangu. Nimeyajutia hayo hadi leo.

Basi wewe uliye mpya, daktari akikukemea usidhani kwamba umekosea. Kabla ya kudunga dawa yoyote hakikisha mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo na saa ndiyo, kisha uandike. Dawa za watoto, insulini na potasiamu zihesabiwe na watu wawili. Potasiamu ya chupa haidungwi moja kwa moja kwenye mshipa hata siku moja, kwa maana huusimamisha moyo. Lazima ichanganywe kwenye maji ya dripu na kupitishwa polepole. Ukimpigia daktari simu usiseme tu kwamba mgonjwa hajambo sana. Mweleze wewe ni nani na mgonjwa yuko kitanda gani, alilazwa kwa nini, umepima nini, unahofia nini, na unataka daktari afanye nini. Kama unataka aje, mwambie aje. Na uhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima. Nimeona chati nyingi ambazo wagonjwa wote wa wadi wanapumua mara ishirini, jambo ambalo haliwezekani.

Wasimamizi nao wana lao. Kumpa muuguzi wa wiki tatu wadi nzima usiku peke yake, eti kwa sababu wafanyakazi hawatoshi, ni kumwonea yeye na kumwonea mgonjwa. Kila mpya apewe mwenzake mzoefu wa kumshika mkono katika miezi ya mwanzo, ajulikane kwa jina, na zamu zao zipangwe pamoja. Hospitali inayofundisha madaktari haikosi uwezo wa kufanya hivyo.

Jambo jingine ambalo wapya hulificha kwa aibu ni kudungwa na sindano iliyotumika. Likikupata, osha mahali hapo kwa maji na sabuni, usipakamue, kisha utoe habari papo hapo. Uwezekano wa kuambukizwa HIV kwa kudungwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi ni takriban mara 3 katika kila 1,000, na dawa za kuzuia zikianzwa mapema, kabla ya saa 72 kupita, na kumezwa kwa siku 28, hatari hiyo hupungua sana. Homa ya ini aina ya B ndiyo huambukiza kwa wepesi zaidi kwa njia hiyo, nayo ina chanjo: sindano tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita.

Kuhusu zamu za usiku, mwili huwa mzito zaidi kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, na makosa hupenda wakati huo. Rudia hesabu zako. Usinywe kahawa wala chai ya rangi saa za mwisho za zamu, la sivyo hutalala mchana. Ukifika nyumbani, ziba dirisha kwa pazia zito.

Hapo ndipo mama anapoingia. Nilimshauri asimtume binti yake sokoni akitoka zamu ya usiku, na wageni wasimwamshe ili awapime presha. Akilia, amsikilize bila kumwambia ajikaze. Lakini iwapo machozi hayatakoma baada ya majuma kadhaa, hali hataki na hata siku za mapumziko halali, huo si ugeni wa kazi tena, na aletwe aonwe na daktari.

Mama alipokuwa akiondoka nilimwuliza kama binti amechanjwa dhidi ya homa ya ini. Alimpigia simu pale pale. Alidungwa sindano ya kwanza chuoni, zilizobaki hakupata. Si lazima aanze upya, ataendelea alipoachia. Watakuja wote wawili Alhamisi ijayo, yeye kupimwa presha, binti kudungwa ya pili.