Uza mbao kwa vipimo

Mbao za Kongo zinazoingia Uganda kupitia Mpondwe, jirani na Bwera, baadhi huishia kuwa kaunta za jikoni. Mteja wa Kasese akitaka kaunta ya kufunika mashine ya kufulia, muulize kwanza: mlango uko mbele au juu? Wa juu haufai.

Mashine nyingi za mlango wa mbele zina kimo cha sentimita 85 na upana wa 60. Acha sentimita 2 juu na 2 kila upande. Kwa ubao wenye unene wa sentimita 4, kaunta itafika 91, kimo kinachomfaa mpishi. Nyuma, mipira ya maji huhitaji sentimita 5 hadi 10. Ubao wa 60 mara nyingi utapungua.

Kaunta isilazwe juu ya mashine. Inapokamua nguo hutikisika, na misumari hulegea. Ishikwe na ukuta au miguu yake.

Andika kimo, upana na kina kabla ya kukata. Ubao uliokatwa ukipungua haurudi Kasindi. Hasara ni yako.