Mawe ya Katanga kwenye foto: ununue kamera gani, na uanze na nini?

Katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, si ajabu kuingia nyumbani kwa mtu na kukuta kabati la mawe sebuleni: malakiti ya kijani, krisokola ya buluu, diopteze inayometa, na kalsiti yenye kobalti ambayo rangi yake ni ya waridi. Wenye mawe hayo wanayapiga foto kwa simu. Wengi hawaridhiki. Jiwe ambalo mkononi linang'aa linatokea kwenye foto kama kipande cha plastiki, na fuwele ndogo zinageuka ukungu. Ndipo linakuja swali: ninunue kamera gani iliyo bora zaidi?

Ni swali la pesa nyingi, na mtu akikosea jibu hana pa kurudisha mzigo. Kamera zinazopatikana kwetu nyingi ni za mkono wa pili, na garanti hakuna. Basi afadhali kujua kwanza tatizo liko wapi.

Foto ni kitambulisho cha jiwe

Kwa mkusanyaji wa madini, jiwe lisilojulikana lilipotoka limepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Na mawe ya eneo hili yana historia nzito. Kuna madini ambayo dunia nzima inayaita kwa majina ya kwetu: kasoliti, ya Kasolo karibu na Shinkolobwe, iliyoelezwa mwaka 1921, likasiti, ya mwaka 1955, kolweziti, ya mwaka 1980, na kamotoiti, ya mwaka 1986. Vipande vingi vizuri viko mbali, kwa mfano katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na katika makabati ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani.

Hata leo mawe yanaondoka. Leo jiwe liko mezani kwako, kesho limeuzwa, limeibiwa au limevunjika. Kitakachobaki ni foto na maandishi uliyoweka pamoja nayo. Ikiwa foto haionyeshi umbo la fuwele, rangi ya kweli na ukubwa, hakuna atakayeweza kutambua kwamba jiwe fulani ndilo lile lililokuwa lako.

Simu inashindwa wapi

Simu za siku hizi si mbaya. Shida yake ya kwanza ni kwamba lenzi yake kuu inaona upana mkubwa. Ili jiwe dogo lijaze foto, lazima uisogeze karibu sana. Ukifanya hivyo, sehemu ya mbele ya jiwe inavimba, ya nyuma inakuwa ndogo, na kivuli cha simu yenyewe kinaangukia jiwe. Shida ya pili ni programu yake: inalainisha hapa, inanoa pale, inaongeza rangi. Kijani cha malakiti kinakuwa cha rangi ya kupaka ukuta, na waridi la kobalti linageuka zambarau.

Kabla ya kutoa franga hata moja, jaribu hivi. Rudi nyuma hadi sentimita 30 au 40. Tumia lenzi ya kuvuta, ya mara 2 au mara 3, kama simu yako inayo. Egemeza simu juu ya kitu kisichotikisika, kisha tumia kipima muda cha sekunde 3 ili kidole chako kisiitikise. Unapoituma kwa WhatsApp, itume kama dokima, maana ikitumwa kama foto ya kawaida inabanwa na kupoteza ubora. Kwa mwenye mawe ya ukubwa wa ngumi, hayo yanaweza kutosha.

Mwanga kwanza

Kama bado huridhiki, pesa ya kwanza iende kwenye mwanga. Kamera ya bei kubwa chini ya balbu moja ya dari itatoa foto mbaya kuliko simu ya kawaida iliyowekewa mwanga mzuri.

Tafuta taa mbili za LED za namna moja, za mezani. Kwenye boksi angalia alama ya CRI au Ra: ikiwa 90 au zaidi, taa hiyo inaonyesha rangi kwa uaminifu. Mbele ya kila taa weka karatasi nyeupe ya kupitisha mwanga, bila kugusa balbu, ili mwanga ulainike. Taa moja iwe ubavuni na karibu, ya pili upande wa pili na mbali kidogo, ili vivuli vibaki lakini visiwe vyeusi kabisa. Usichanganye taa na jua la dirishani, kwa sababu rangi zake hazilingani. Kisha piga foto moja ya karatasi nyeupe au kadi ya kijivu chini ya taa hizo, na uiambie kamera irekebishe rangi kwa kuifuata.

Malakiti iliyong'arishwa ina taabu yake: inarudisha mwanga kama kioo, na utaona taa, dari na hata uso wako juu yake. Dawa yake ni kusogeza taa pembeni na kuweka karatasi nyeusi upande ule unaoonekana ndani ya jiwe.

Nyongeza ya pili ni stendi ya miguu mitatu. Ukiwa nayo, kamera inaweza kubaki kwenye ISO 100 hata kama foto inachukua sekunde nzima, na chembechembe hazitaonekana.

Lenzi inatangulia mwili

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanahesabu megapikseli, wanalipa mwili wa kamera, halafu wanabaki na lenzi iliyokuja nayo. Lenzi hiyo, kwa kawaida ya milimita 18 hadi 55, ikisogezwa karibu kadiri inavyoweza inaonyesha upana wa sentimita 7 hivi. Kwa jiwe la ukubwa wa yai ni sawa. Kwa fuwele ya milimita 5, bado ni nukta.

Kinachohitajika ni lenzi ya makro. Ile iliyoandikwa 1:1 inaweka kitu ndani ya kamera kwa ukubwa wake halisi. Kwa kamera za kawaida za bei ya chini, ambazo kipande chake cha kupokea mwanga kina upana wa milimita 22 hadi 24, fuwele ya milimita 5 itachukua zaidi ya sehemu moja ya tano ya upana wa foto.

Urefu wa lenzi pia una maana. Makro ya milimita 40 ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini kwa kitu kidogo inakulazimu kusogea hadi sentimita chache, na inaziba mwanga. Ya milimita 90 au 100 inakuacha mbali zaidi, na taa zinapata nafasi. Mwenye pesa kidogo anaweza kununua pete za kurefusha, zinazowekwa kati ya mwili na lenzi aliyo nayo. Hazina kioo ndani, bei yake ni ndogo, na zinasogeza fokasi karibu sana.

Mwili: cha zamani kinatosha

Jiwe halikimbii. Kwa hiyo mkusanyaji hahitaji kamera yenye mbio, wala video kubwa. Canon EOS 600D ya mwaka 2011, yenye megapikseli 18, au Nikon D3200 ya mwaka 2012, yenye 24, bado zinafanya kazi hii vizuri. Ile ya Canon ina kioo kinachogeuka, na hilo linasaidia sana unapopiga kutoka juu. Kwa ile ya Nikon, kumbuka haina mota ya fokasi ndani yake: lenzi lazima iwe na mota yake, la sivyo utazungusha kwa mkono. Kwa mawe, kuzungusha kwa mkono si hasara.

Anayetembea sana machimboni anaweza kufikiria Olympus TG-6 ya mwaka 2019, au TG-7 ya mwaka 2023. Ni ndogo, hazipitishi maji wala vumbi, zinapiga kitu kilicho sentimita 1 tu kutoka kwenye lenzi, na betri inachajiwa kwa kebo ya USB. Hilo si jambo dogo pale umeme unapokatika.

Kwa karibu sana, ni sehemu nyembamba tu ya jiwe inayoonekana wazi. Funga tundu la lenzi hadi f/8 au f/11. Ukipita f/16, foto nzima inaanza kulegea. Kama bado haitoshi, piga foto 10 au 20 ukisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha uziunganishe kwa kompyuta. Helicon Focus na Zerene Stacker zinalipiwa. CombineZP ni ya bure. TG-6 na TG-7 zinafanya hivyo zenyewe.

Kabla ya kulipa

Nenda kwa muuzaji na kadi yako ya kumbukumbu. Piga ukuta mweupe kwenye f/16, ukuze foto, utafute madoa ya vumbi. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi: nyuzi kama za buibui ni kuvu, na msimu wa mvua utaiongeza. Hakikisha chaja ipo na betri inashika. Muuzaji anayekataa majaribio, mwache.

Tahadhari mbili. Usisafishe malakiti kwa limao au siki ili ipendeze kwenye foto, asidi inaila. Na mawe ya urani, kama kasoliti, toberniti au kuprosklodowskiti, ambayo rangi zake kali za njano na kijani zinavutia sana kamera, yanatoa mionzi na gesi ya radoni. Yapige haraka mahali penye hewa, usipulize vumbi lake, nawa mikono, na usiyaweke chumba cha kulala wala karibu na watoto.

Mwisho, weka rula ndogo kando ya jiwe katika foto moja kati ya zote. Lipe jiwe namba, na namba hiyo iwe jina la faili. Andika mahali lilipotoka, mwaka na aliyekupa. Tunza nakala mbili katika sehemu mbili tofauti, kwa sababu simu ikiibiwa au kompyuta ikiungua umeme unaporudi kwa nguvu, kumbukumbu za kabati zima zinaweza kwenda siku moja.