Kompyuta Kuukuu na Ngome ya Mombasa Iliyojengwa Nyamira

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, na huu ni mwaka wa 13 nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huku Nyamira, milimani, ambako mtu huamka alfajiri akavaa sweta juu ya kanzu ndipo aende kutawadha. Nimeoa huku na nimezaa huku. Kijana wangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 12, husema Ekegusii na wenzake bila kugugumia, na kwangu mimi husema Kiswahili cha Mombasa, ingawa chake kina mapengo ya hapa na pale. Basi sikuwa na habari hata kidogo kwamba mtoto huyu alikuwa akiijenga Ngome ya Mombasa chumbani mwake.

Naam, aliijenga katika kompyuta. Kuna mchezo uitwao Minecraft, uliotungwa Sweden na kutolewa rasmi mwaka 2011, ambao humpa mchezaji ulimwengu mzima wa vipande vya mraba. Akavunja mawe, akachimba udongo, akajengea atakacho. Wengine hujenga majumba ya ajabu ajabu. Wangu alianza na ukuta mmoja mrefu, na nilipomuuliza ni wa nini alinijibu, "Ni pale Nyanya aliponipeleka."

Nikakumbuka. Mwaka 2023 tulishuka Mombasa likizoni, na mama yangu akamshika mkono mjukuu wake akampeleka Ngomeni. Akamwonyesha kuta walizojenga Wareno baina ya mwaka 1593 na 1596, akamwonyesha mizinga na ile nyumba ya Waomani, akamhadithia jinsi watu wa Omani walivyoizingira ngome tangu 1696 hata wakaitwaa mwaka 1698. Mtoto alihesabu hatua za kila ukuta akaziandika katika daftari. Daftari hilo mimi nililidhani la hesabu za shule.

Mwezi Septemba 2025 mama yangu alipiga simu kusema kwamba, Mungu akipenda, Desemba angekuja kututazama, mara yake ya kwanza kupanda huku. Kijana akaruka. Angemwonyesha Nyanya ngome. Lakini kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka. Kila ukuta uliporefuka, picha ilikwenda kwa kugwaya kama sinema za zamani mashine ilipokwama, na ndani ya kasha mlikuwa na sauti: tak, tak, tak.

Mashine hiyo ni Dell OptiPlex 9020, moja katika yale makompyuta ya maofisi ya Ulaya ambayo wenyewe wakishayachoka huletwa kwetu mitumba, na ambayo huku huitwa "eksi-UK" hata yakiwa yametoka kwingine. Nimepata kuwaza kwamba yamkini ilishushwa Kilindini, karibu na kwetu, ikapanda hadi huku milimani, na mimi nikaifuata kuinunua. Niliinunua mwaka 2022 kwa bwana mmoja wa Tabaka, kule Kisii wachongako yale mawe laini yanayouzwa duniani kote. Prosesa yake ni Intel i5 ya kizazi cha nne, kizazi kilichotoka mwaka 2013. Kwa kuandika barua na kusoma magazeti haikuwa na neno.

Fedha zilikuwa chache. Mama watoto ana kishamba cha majani chai, na Oktoba wakulima hulipwa bonasi. Katika bonasi hiyo, ambayo haikuwa nono, alinikatia shilingi 14,000 akaniambia waziwazi kwamba nyingine hazipo.

Hapa nakiri ujinga wangu. Watoto wa jirani walikuwa wamemwambia kijana kwamba mchezo ukikwama dawa ni moja tu, kadi ya picha. Mimi nami, pasipo kuuliza fundi, nilipokuwa safarini katika mji mmoja mkubwa nikamwendea mchuuzi wa kibandani, akaniuzia kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti kwa shilingi 5,500. Sanduku lilimetameta. Nilirudi nyumbani kama niliyebeba dhahabu. Kadi tukaitia, kompyuta ikalisoma jina lake, na mchezo ukaenda vile vile. Kwa kweli ukawa mbaya zaidi, na tak, tak zikaongezeka.

FUNDI WA KISII

Ijumaa iliyofuata niliteremka Kisii kwa matatu, nikaswali msikitini pale mjini, kisha nikaenda kwa fundi niliyeelekezwa na mwalimu mwenzangu. Nilimkuta binti wa makamo ya wanafunzi wangu waliomaliza shule, kavaa miwani, kibanda chake kimejaa makasha yaliyofunguliwa matumbo. Nikamsalimu, "Bwakire buya," akacheka kwa lafudhi yangu. Nikamwambia nataka kadi nyingine iliyo kubwa kuliko hii.

"Mwalimu," akasema, "kabla hujanunua dawa, tuambiane kwanza mgonjwa anaumwa wapi."

Akaitazama kadi yangu bila ya kuitia popote. Akanionyesha tundu la VGA, lile la rangi ya buluu linaloingia waya wa skrini za kale. Kadi za ukoo huo, akasema, Nvidia ilizitoa tangu mwaka 2016 bila ya njia hiyo ya VGA. Ndani ya sanduku langu mlikuwa na kadi ya zamani sana iliyoandikwa upya jina katika kumbukumbu yake ili kompyuta idanganyike. Kuna programu ya bure iitwayo GPU-Z ambayo huufichua udanganyifu huu kwa dakika moja. Aliiendesha mbele yangu, na neno la kwamba ni bandia likajitokeza. Shilingi 5,500 zikawa zimekwenda na maji.

Kisha akanieleza jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue kabla ya kufungua pochi. Mashine hizi za maofisi zina pawa saplai ndogo. Ya kwetu ni ya wati 290, wala haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi itakayotegemea tundu la madabodi peke yake haipati zaidi ya wati 75. Na hata ndogo zina mtego: GT 1030, mathalan, ilitoka mwaka 2017 na memori ya GDDR5, halafu mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye jina lile lile na memori ya DDR4, nzito kuliko ya kwanza kwa mbali. Asiyesoma maandishi madogo hununua ya pili kwa bei ya kwanza.

Lakini hakutaka niinunue hata hiyo. Aliweka sikio karibu na kasha nilipomwigizia ile tak, tak, na uso wake ukabadilika. Akauliza kama mtoto ana kitu cha thamani humo ndani. Nikamwambia habari ya ngome. Akaukataa kabisa mkono wangu uliokuwa ukienda kuiwasha. Diski ile ya kuzunguka, akasema, inakufa, na kila ikiwashwa kichwa chake huikwaruza zaidi. Ikiwa kuna fedha yoyote na itoke hapa kwanza. Mambo ya wepesi baadaye.

Akaichomoa, akaifunga katika kompyuta yake, akatafuta folda iitwayo saves. Ulimwengu wote wa mwanangu, kazi yake ya miaka miwili, ulikuwa folda moja ambayo ingetosha katika flashi ya shilingi mia chache, na kwa miaka miwili hakuna mtu mzima nyumbani aliyefikiri kuinakili. Nilikaa juu ya kigoda nikiitazama ile mistari ya kunakili ikisogea. Ilisimama mara tatu. Mara ya tatu ilisimama muda mrefu hata adhana ya alasiri ikalia nami nimeketi.

Alifaulu kuitoa karibu yote. Kipande kimoja kilikataa kusomeka.

VUMBI LA TABAKA

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Alipoifungua feni ya prosesa alipiga mluzi. Mapezi ya chuma ya kupozea joto yalikuwa yamezibwa na unga mweupe mlaini kama poda ya mtoto mchanga. Ulikuwa vumbi la mawe ya Tabaka! Yule bwana aliyeniuzia alikuwa ameiweka mashine karibu na wachongaji, na ile dawa ya kijivu ipakwayo baina ya prosesa na chuma ilikuwa imekauka ikawa chokaa. Prosesa ilikuwa ikifika nyuzi 97 za joto, na ikifika hapo hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Kwa hiyo ule ugwayaji nilioununulia kadi ya 5,500 sehemu yake kubwa ilikuwa vumbi.

Memori ilikuwa kijiti kimoja cha GB 4. Akatia cha pili kilichofanana nacho, akanifahamisha kwamba viwili hufanya kazi sambamba, na kwa kuwa mashine isiyo na kadi huazima memori hiyo hiyo kuchorea picha, faida yake ni maradufu. Diski mpya ni ya SSD, GB 240, isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Suala la Windows nalo likazuka. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za umri huu. Basi akaweka Linux Mint, isiyolipiwa, na mchezo wenyewe unakwenda juu yake, pamoja na kiongezo cha bure kiitwacho Sodium kinachouchangamsha. Kijana aliizoea kwa jioni moja. Mimi bado natafuta mahali pa kubonyeza.

Mwisho akanisisitizia kinga ya stima. Anayeishi huku haitaji kuelezwa habari za radi. Mawingu yatokayo upande wa Ziwa hujikusanya karibu kila alasiri, na radi za Kisii zina sifa mbaya zinazostahili. Lakini kinga hiyo, alisema, husaidia stima inaporuka tu. Radi ikipiga karibu haizuiliki, kwa hiyo ngurumo ya kwanza ikisikika waya ung'olewe ukutani, na wa intaneti pia.

Hesabu ilikuwa hivi: diski 3,200, memori 900, kinga 1,300, na mikono yake 1,000. Jumla shilingi 6,400. Katika zile 8,500 zilizobakia baada ya upumbavu wangu nilirudi na 2,100 mfukoni, ambazo mama watoto aliamua ziingie katika nauli ya mkwewe.

Nyumbani tuliiwasha usiku baada ya isha. Joto halikupita nyuzi 65, na mchezo ulioonyesha picha 12 kwa sekunde ukaonyesha 48. Kijana akaiendea ngome yake akizunguka juu ya kuta, kisha akanyamaza. Upande wa bara ukuta ulikuwa umetoweka, mraba wa vipande 16 kwa 16, na mahali pake pameota nyasi na mti mmoja, kama ulimwengu ule ulivyokuwa kabla hajaugusa. Ndicho kile kipande kilichokataa kusomeka. Nilimwona akimeza mate. Nilitaka kusema neno la kumfariji nikakosa, mama yake akamletea chai.

Mama yangu alifika wiki ya pili ya Desemba, kajifunga mashuka mawili juu ya buibui na kuilaumu baridi tangu stendi. Kijana hakumpa nafasi hata ya kumaliza kahawa. Akamketisha mbele ya skrini, akampitisha langoni, kwenye mizinga, kwenye nyumba ya Waomani. Pengo lilikuwa lingali pale. Alikuwa ameukata mti, ukuta hakuujenga.

"Na hapa je?" mama yangu akauliza.

"Hapa waliingilia Waomani, Nyanya."

Mama yangu akasogeza miwani, akatazama kwa muda. "Walipanda ngazi wale, hawakutoboa," akasema. "Na ukuta wa Ngomeni si wa kijivu namna hii, mwanangu, una wekundu wa udongo. Hebu nionyeshe unavyojenga."