Je, Wajua? Mlima wenye mtandao, pampu yenye meseji

Je, wajua kwamba wilaya ya Ngorongoro ina mlima unaotuma taarifa zake kwenye intaneti? Ni Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, wenye kimo cha mita 2,962, volkano pekee duniani iliyo hai inayotema lava ya kaboneti. Tangu 2016 mradi wa TZVOLCANO umesimika kuuzunguka mlima huo mitambo inayopokea mawimbi ya setilaiti ili kujua kama ardhi imesogea, hata kwa milimita chache. Vipimo havisubiri Land Rover ya mwisho wa mwezi. Vinaruka hadi kwenye seva, na watafiti wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzao wa Virginia Tech ya Marekani wanavisoma mezani.

Mlima ulisema nini? Utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa kati ya Machi na Desemba 2022 ardhi ya pale iliinuka haraka, kisha ikaendelea kuinuka polepole. Mchunga mbuzi aliye chini yake hawezi kuusikia mwinuko huo kwa nyayo.

Je, wajua kuwa mfumo unaopokea taarifa za volkano hiyo ndio huohuo unaopokea vipimo vya vifaa vya plastiki? Unaitwa CHORDS. Hupokea pia data za 3D-PAWS, vituo vya hali ya hewa ambavyo sehemu zake nyingi huchapwa kwa printa ya 3D, na ambavyo vimefungwa Kenya pia. Ndani mna bodi yenye maikrokontrola, yaani chipu moja iliyobeba ubongo, kumbukumbu na miguu ya kuungia waya. Mna kihisi cha joto, na kikombe cha mvua kinachopinduka kila kikikusanya milimita 0.2. Ujumbe wenyewe husafiri kama anwani ya tovuti: namba ya chombo, joto, mvua, saa, basi. Ni mfupi kuliko salamu za Wamaasai wawili waliokutana njiani.

Mfupi kiasi gani? Tuseme ujumbe mmoja na vikorombwezo vyake ni baiti 200, na unatumwa kila saa. Kwa mwaka mzima unapata takriban MB 1.75. Picha moja ya simu yako inaweza kuzidi hapo. Kwa hiyo anayekwambia kituo cha mvua kinahitaji bando kubwa, mwulize anatuma nini kingine.

Je, wajua siri ya betri kudumu? Usingizi. Chukua chipu ya ESP32 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai. Ikiwa macho na Wi-Fi imewaka hula takriban miliampea 100. Ikilala usingizi mzito, hula takriban maikroampea 10. Ipe betri ya lithiamu ya miliampea-saa 2,500, kama zile zinazotolewa kwenye laptop zilizokufa. Ikikesha, betri inakata baada ya saa 25. Ikiamka sekunde 10 tu kila saa, ikapima, ikatuma, ikalala tena, hesabu inafika karibu mwaka. Ni hesabu ya karatasini, naam. Kile kitaa chekundu cha kuonyesha kwamba umeme upo peke yake kinaweza kula zaidi ya hayo yote, ndiyo maana fundi mzoefu hukitoa siku ya kwanza.

Na wajua kwa nini kifaa chenye laini ya simu hujizima kila kikitaka kutuma? Moduli za 2G kama SIM800L huvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua zinapoongea na mnara. Waya ukiwa mwembamba au betri imechoka, umeme unashuka, bodi inajiwasha upya, inajaribu tena, inaanguka tena. Mwenye kifaa huilaumu kampuni ya simu. Mara nyingi mkosaji ni waya.

Kihisi hakina kidole, lakini laini yake inataka alama za vidole. Tanzania ilianza kusajili laini kwa njia hiyo Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020. Laini iliyo ndani ya kisanduku cha mvua ni lazima iwe ya mtu au taasisi. Isajili kwa jina la taasisi, tafadhali, kwa sababu yule kijana mwenye moyo aliyetoa kidole chake mwaka wa kwanza, mwaka wa pili atakuwa amehamia Dodoma.

Turudi wilaya ya Ngorongoro: kata ya Enguserosambu iko tarafa ya Loliondo, jirani na mpaka wa Kenya. Minara ya simu haijui mpaka. Laini iliyo karibu na mpaka inaweza kudaka mnara wa nchi ya pili, na salio likaliwa kwa bei ya ugenini bila mtu kujua, maana kisanduku hakina kioo cha kusoma "Karibu Kenya". Je, wajua kuna dawa? Kila nchi ina namba yake ya utambulisho kwenye mitandao ya simu: Tanzania ni 640, Kenya ni 639. Maikrokontrola huweza kuiamuru moduli ijiunge na mtandao fulani tu unaoanza na 640, na ukikosekana, ikae kimya hadi urudi. Vipimo vitangoja kwenye kumbukumbu.

Ukiona chati inasema mvua ilinyesha Loliondo tarehe 1 Januari 1970, usimtafute mzee wa kuthibitisha. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu siku hiyo, na bodi iliyopoteza saa yake baada ya kukatika umeme huanza na sifuri. Hata saa ikiwa sahihi, kuna mtego mwingine: seva nyingi hutunza saa za dunia, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. Kwenye seva ni 06:00, ukutani ofisini ni 09:00, na sisi tunaiita saa tatu asubuhi. Anayelinganisha mvua ya kihisi na daftari la mwalimu aanze kwa kuuliza saa ya nani.

Kanieneo ya hewa nayo ina vituko vyake. Kwenye nyanda za Loliondo, mahali penye mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kihisi kizima kabisa husoma takriban hektopaskali 800. Wengi wanaona namba hiyo, wanakumbuka 1,013 ya vitabuni, wanakwenda kununua kihisi kingine. Ile 1,013 ni ya usawa wa bahari, ya Tanga na Mtwara.

Sasa tuje kwenye maji, kwa sababu huko ndiko teknolojia hii imejibu swali ambalo akina mama wamekuwa wakiliuliza miaka yote: pampu ikifa, nani anajua?

Je, wajua kwamba Kyuso, katika kaunti ya Kitui, Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka kifaa ndani ya mpini wa pampu za mkono? Kisanduku kina kihisi cha mwendo, maikrokontrola na laini ya simu. Mpini ukipanda na kushuka, kinahesabu. Kisha kinatuma meseji ya idadi ya mipigo, na kutokana na mipigo hiyo mtu aliye mbali anakadiria maji yaliyotoka. Mpini uliokuwa na shughuli kila alfajiri ukinyamaza ghafla, fundi anajua pa kwenda. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Baada ya meseji kuanza, chini ya siku tatu.

Siku 27 ni siku 27 za ndoo kupelekwa mtoni.

Rwanda walikwenda mbele zaidi wakapima kwa makundi matatu, na matokeo yakachapishwa 2015. Kwenye pampu zilizohudumiwa kwa mazoea, matengenezo yalichukua takriban siku 152. Zilizohudumiwa kwa ratiba nzuri, siku 57. Zile zenye vihisi na fundi aliyeitwa na vihisi, siku 21, na wakati wowote karibu asilimia 91 ya pampu hizo zilikuwa zinatoa maji, dhidi ya 68 kwenye kundi la mazoea. Soma tena kundi la tatu: vihisi na fundi. Mimi sioni faida ya kihisi kinachotuma taarifa ofisi isiyo na spana wala pikipiki. Chati itapendeza, pampu itabaki imekufa.

Je, wajua kwamba tembo amewahi kutuma meseji? Katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia, Kenya, tembo dume aitwaye Kimani alivishwa kola yenye laini ya simu. Alipokaribia mashamba, kola iliwatumia askari ujumbe, nao wakaenda kumrudisha kabla hajafika kwenye mahindi. Kola ilijua ramani. Tembo hakuijua.

Na wajua kwamba kamera nzuri ya porini ni ile isiyotuma kila picha? Grumeti, magharibi mwa Serengeti, ilijaribiwa kamera iitwayo TrailGuard. Picha za wanyama na majani yanayopeperushwa ni maelfu, na kuzituma zote kungemaliza betri. Toleo lililofuata la kamera ile lina chipu inayotazama picha palepale ilipo, na ikiona binadamu tu ndipo inarusha taarifa. Majangili 30 walikamatwa katika majaribio ya toleo la awali kule Grumeti.

Enguserosambu yenyewe ina msitu wa asili unaotunzwa na jamii kupitia Enguserosambu Forest Trust. Kwa msitu wa namna hiyo, mfano wa kutazama ni Sumatra, Indonesia, ambako mwaka 2013 shirika la Rainforest Connection lilipandisha simu zilizotupwa juu ya miti, zikiwa na sola, zisikilize mlio wa msumeno wa mnyororo na kurusha taarifa mtandaoni.

Mnara haupo? Je, wajua LoRa, redio iliyobuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, na kununuliwa na Semtech mwaka 2012? Hutumia umeme kidogo sana, na mwaka 2017 ujumbe wake uliotoka kwenye puto angani ulinaswa umbali wa kilomita 702. Usitarajie hayo katikati ya miti iliyolowa. Tena ikienda kwa kasi yake ya chini kabisa hubeba baiti chache tu kwa safari, hivyo jifunze kubana maneno. Kilima kimoja chenye kipokezi na intaneti kinatosha kuanzia.

MQTT, lugha inayopendwa na vifaa hivi kuzungumza na seva, ina umri gani? Ni ya 1999. Ilitungwa kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyotuma taarifa kwa setilaiti, enzi ambazo kila baiti ililipiwa. Kichwa cha ujumbe wake mfupi kabisa ni baiti mbili.

La mwisho, na hili ndilo linalouma. Je, wajua kwamba huduma za mtandaoni nazo hufa? Pachube, moja ya za mwanzo kupokea data za vihisi kutoka kwa mtu yeyote, iligeuzwa Cosm, ikageuzwa Xively, na 2018 Google ikainunua Xively. Google yenyewe ilikuwa na huduma yake ya vifaa, IoT Core, na ikaifunga Agosti 2023. Waliokuwa wameitegemea waliambiwa wahame. Kwa hiyo kabla hujajisajili popote, chomeka kadi ya kumbukumbu kwenye bodi yako na uiagize iandike kila kipimo hapo kwanza, ndipo itume. Kadi ya GB 8, kwa ile MB 1.75 ya kila mwaka, itajaa baada ya zaidi ya miaka 4,000.